Mtambo wa Kupozea Maji Kituoni: Kuupokea, Kuuweka na Kuuwasha Mara ya Kwanza

Kipindi cha leo kinawahusu hasa wanachama wa vyama vya ushirika vya maziwa, wale wa Rungwe, Njombe, Lushoto, Hai na popote pengine ambako ng'ombe wa maziwa wanafugwa na njia ya kufika kiwandani ni ndefu. Tutazungumza juu ya mtambo wa kupozea maji, ule mdogo wenye magurudumu ambao watu wachache wanaweza kuusukuma mpaka ndani ya kituo. Hatutaeleza namna ya kuutengeneza ukiharibika. Hiyo ni kazi ya fundi wa mitambo ya baridi. Tutaeleza namna ya kuupokea, kuuweka na kuuwasha mara ya kwanza. Mtambo mpya unaweza kufa kabla haujapoza hata lita moja, na mtu naye anaweza kufa, kwa sababu tu ya haraka ya siku ile ya kwanza.

Kwanza tukumbushane kwa nini tunataka baridi. Maziwa yakitoka kwenye kiwele yana joto la digrii 37 au 38. Kwa joto hilo kijidudu kimoja huwa viwili kila baada ya nusu saa hivi, pengine upesi zaidi. Hebu piga hesabu. Maziwa yamekamuliwa saa 12 asubuhi, yamefika kiwandani saa 5 yangali vuguvugu. Muda huo kijidudu kimoja kimekwisha kuwa zaidi ya elfu moja. Karani wa kiwanda anachanganya maziwa kidogo na spiriti, anayaona yanashikana vipande vipande, anasema rudisheni. Jasho la asubuhi nzima linamwagwa, na deni la pumba za ng'ombe liko pale pale. Lakini maziwa hayo yakishushwa mpaka digrii 4 mapema, ndani ya saa tatu au nne baada ya kukamuliwa, vijidudu hulala. Havifi, hulala tu. Kwa hiyo asije mtu akadhani baridi inasafisha ndoo chafu.

Sasa mtambo wenyewe. Maziwa hayaingii ndani yake. Kinachopozwa ni maji. Pampu inayasukuma maji hayo baridi kwenye mpira, yanapita katikati ya kuta mbili za tangi la maziwa, yanachukua joto la maziwa, yanarudi mtamboni kupozwa tena. Maji na maziwa hayakutani hata kidogo. Ndani ya mtambo kuna kompresa, kuna gesi inayozunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na upande mmoja kuna kitu mfano wa rejeta ya gari chenye feni. Gesi inachukua joto kutoka kwenye maji, inalipeleka kwenye rejeta, feni inalipuliza nje. Basi shika hili: mtambo haufanyi baridi kwa uchawi, unahamisha joto kutoka mahali fulani na kulitupa mahali pengine. Ukilielewa hilo, mengi tutakayosema hapa chini hayatakusumbua.

Kabla ya kufungua mfuko wa chama, ulizeni ukubwa. Tuseme kituo kinapokea lita 500 asubuhi, na maziwa yanafika yakiwa na digrii 32. Kuyashusha mpaka digrii 4 ni kuondoa digrii 28. Hesabu yake inatoa joto la karibu kilowati-saa 15 na nusu. Mkitaka kazi hiyo iishe kwa saa tatu, mnahitaji mtambo wenye nguvu ya kupoza kilowati 5 na kidogo, na kwa kuwa jua nalo linapasha tangi na mipira, chukueni wa 6 au 7. Lakini hapa pana mtego. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo mara nyingi hupimwa maji yakitoka na digrii 15 au hata 20, kwa sababu mitambo hii hutumika sana kwenye viwanda vya plastiki na vya chuma, na huko maji ya digrii 15 yanatosha. Mtambo huo huo ukiambiwa utoe maji ya digrii 1, nguvu yake hupungua sana. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni moja: "Ndugu, hizi kilowati ni za maji yakitoka na digrii ngapi?" Akibabaika, rudini nyumbani na fedha zenu.

Na wale wanaouziwa mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo, someni jina la gesi kwenye kibao. Ikiwa imeandikwa R22, fikirini mara mbili. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 na mabadiliko yake, nchi zetu zinatakiwa kuacha kuitumia ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mtambo utakuwa mzima, gesi ya kuujaza itakuwa adimu. Ikiwa imeandikwa R290, hiyo ni propani, ndugu ya gesi ya kupikia, nayo hushika moto. Si mbaya kwa kazi, ila inataka mahali penye hewa nyingi na mbali na jiko, sigara na cheche za kuchomelea vyuma.

Haya, mtambo umefika. Jambo la kwanza ni kutazama umesafirije. Ni sharti usafiri ukiwa wima. Ndani ya kompresa kuna mafuta, na ukilazwa, mafuta hutoka mahali pake yakaingia kwenye mabomba ya gesi. Dereva akisema aliulaza "kidogo tu" kwa sababu ya miti ya barabarani, msibishane naye. Usimamisheni wima na uacheni saa 24 bila kuuwasha. Tazameni pia kama kuna alama za mafuta kwenye viungo vya mabomba. Palipo na mafuta yanayong'aa huenda gesi inavuja, na hapo aitwe fundi kabla ya jambo lolote lingine. Gesi hizi nyingi ni nzito kuliko hewa, hutuama chini na kuifukuza hewa ya kupumua katika chumba kidogo. Kwa hiyo hakuna kuonja kwa kiberiti kama inavuja au haivuji. Fungueni milango, tokeni nje.

Mahali pa kuuweka panataka akili. Wengi wangependa kuufungia stoo ili usiibiwe. Nawaelewa, lakini kumbukeni tulivyosema: mtambo unatupa joto. Ukiufungia katika chumba chembamba, utayavuta tena mapumzi yake yenye moto, na baada ya muda mfupi utajizima. Uacheni angalau mita moja wazi mbele ya rejeta na mita moja upande ambako hewa moto inatoka, zaidi kama kitabu chake kinasema zaidi. Kibanda kisicho na kuta pande mbili, chenye paa la kuzuia jua na mvua, na wavu wa chuma wa kuzuia wezi, kinafaa kabisa. Chini pawe na sakafu ya zege, pimeni kwa pima maji pawe sawasawa. Fungeni breki za magurudumu. Kilo 100 au 200 zikianza kuteremka kwenye sakafu yenye maji ya sabuni, asijaribu mtu kuzizuia kwa mguu.

Vilevile msiuweke chini ya tangi la maziwa kwa tofauti kubwa ya kimo bila kuuliza. Tangi likiwa juu na mtambo chini bondeni, pampu ikizimwa maji yote yanaweza kurudi kwa kasi na kufurika kwenye tangi dogo la mtambo. Ikiwa hapana mahali pengine, fundi aweke vali ya kuzuia maji yasirudi.

Tuje kwenye maji. Maji matupu hayafai kwa kazi yetu, na sababu yake wengi hawaijui. Ili maji yatoke na digrii 1, kile chuma cha ndani kinachoyapoza ni lazima kiwe baridi zaidi, chini ya sifuri. Maji yanayogusa chuma hicho huganda, hutanuka, hupasua bomba la ndani, na maji huingia kwenye gesi na kompresa. Hapo mtambo umekwisha. Ndiyo maana vitabu vingi hukataza maji matupu yasishushwe chini ya digrii 5 au 7. Na maji ya digrii 7 hayawezi kamwe kuyafikisha maziwa kwenye 4, hata mkikesha.

Dawa yake ni kuchanganya maji na glaikoli. Zipo aina mbili na hapa naomba usikivu wenu. Moja ni ethilini glaikoli, hii hutiwa kwenye rejeta za magari. Ina ladha tamu na ni sumu. Kiasi kidogo tu humwua mtoto au mbwa. Isiingie kituoni kwa sababu yoyote ile, hata kama mjomba wa katibu ana gereji na anaigawa bure. Ya pili ni propilini glaikoli ya daraja la chakula. Hii ndiyo yetu, kwa kuwa hata ukuta wa tangi ukitoboka siku moja, haitawapa watu sumu, ingawa maziwa hayo yatamwagwa tu. Mchanganyiko wa lita 30 za glaikoli na lita 70 za maji hauanzi kuganda mpaka kiasi cha digrii 13 chini ya sifuri. Changanyeni kwanza kwenye pipa safi, kisha ndipo mmimine. Maji yenyewe yawe laini na safi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe ndani ya mabomba, kama ule wa kwenye birika la chai, na ukoko huzuia joto kupita. Maji ya mvua yaliyochujwa vizuri kwa kitambaa ni bora kuliko ya kisima cha chumvi, ila kitabu cha mtambo kikitaka maji ya aina fulani, kitabu ndicho chenye neno la mwisho.

Mipira ifungwe kwa klipu za chuma, mbili kila mwisho kama nafasi ipo. Panapoandikwa kutoka pafungwe kwenye mlango wa chini wa tangi, na panaporudi pafungwe juu, ili hewa isukumwe nje. Mipira ivikwe sponji ya kuzuia joto. Kabla ya kuwasha chochote, koki zote za njia hiyo zifunguliwe, na mtu mmoja azitazame kwa macho yake, sio kwa kuambiwa. Kisha jazeni tangi la mtambo mpaka kwenye alama. Pampu isizungushwe kikavu hata kwa dakika moja ya majaribio, maana ile sili yake hupozwa na maji yenyewe, na ikikosa maji huungua.

Sasa umeme, na hapa tupunguze mwendo.

Kituo cha maziwa ni mahali pa maji. Sakafu huoshwa kila siku, watu wamevaa mabuti au hawakuvaa, mikono imelowa. Umeme ukivuja kwenye bodi ya mtambo, mtu anayeushika akiwa amesimama kwenye maji ndiye anakuwa waya. Kwa hiyo mambo matatu hayana mjadala. Kazi ifanywe na fundi umeme mwenye leseni, na kwa Tanzania leseni hizo hutolewa na EWURA. Waya wa ardhi uungwe kwenye bodi ya mtambo na ufike kweli kwenye fimbo iliyozikwa ardhini, na fundi aupime kwa kifaa mbele yenu, asiseme tu "upo". Na iwekwe swichi inayokata yenyewe mara umeme unapovuja, mbali na ile ya kukata umeme ukizidi. Mtambo uwe na laini yake peke yake na swichi kuu ambayo mtu anaweza kuifikia upesi bila kupita juu ya maji.

Msitumie ile waya ndefu ya kuviringisha inayotumika kwenye maharusi. Waya mwembamba mrefu hula nguvu ya umeme njiani, mota inapata umeme dhaifu, inakaza, inachemka. Na ikiwa mtatumia jenereta, jueni kwamba mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano mpaka saba ya ule inaotumia ikishatulia. Jenereta iliyoandikwa kilowati sawasawa na mtambo haitoshi.

Umeme wa njia tatu una jambo lake. Waya zikiungwa kwa mpangilio usio sahihi, mota huzunguka kinyume. Pampu ikizunguka kinyume bado hutoa maji kidogo, na mtu anaweza kudanganyika. Kompresa ya siku hizi, ile ya aina ya kuviringa, ikizunguka kinyume hupiga kelele ya ajabu, haipozi kitu, na baada ya muda si mrefu hufa. Ndio maana mwanzo tunawasha pampu peke yake na kutazama mshale uliochorwa juu yake. Ikizunguka kinyume, fundi azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, ufunguo autie mfukoni, ndipo abadilishane waya mbili kati ya tatu. Kufuli si anasa. Kila fundi anajua namna mtu mwema anavyoweza kuja, akaona swichi imezimwa, akaiwasha ili kusaidia.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kile kihita kidogo kilichofungwa chini ya kompresa. Si mitambo yote inacho, lakini ukiwa nacho, ni sharti swichi kuu iwashwe saa 12 mpaka 24 kabla ya kompresa kuanza kazi, mtambo wenyewe ukiwa umezimwa kwenye kidude chake. Usiku wa Njombe mwezi wa Juni au Julai una baridi kali. Gesi hujificha ndani ya mafuta. Ukiwasha kompresa ghafula asubuhi, mafuta hutoa povu kama soda iliyotikiswa, hutoka pamoja na gesi, na vyuma husagana vikavu. Kihita huyapasha mafuta na kuifukuza gesi. Ndiyo kusema, mgeni rasmi akialikwa kuja kuzindua kesho asubuhi, umeme uwashwe leo.

Siku ya kuwasha, kidude cha joto kiwekwe kwanza digrii 15. Washa pampu. Iache izunguke dakika kumi mpaka hewa itoke na geji itulie. Sindano ikichezacheza bado kuna hewa. Maji kwenye tangi la mtambo yatashuka, ongezeni ule mchanganyiko mpaka alama. Papaseni viungo vyote kama vinavuja. Hapo ndipo kompresa iwashwe. Sikilizeni. Mlio uwe wa namna moja, kama wa kinu cha mashine kikiwa mbali. Feni ipulize hewa yenye joto, nalo ni jambo jema, kwani ndilo joto la maji linalotoka. Baada ya nusu saa, kama hakuna tatizo, shusheni kidogo kidogo mpaka digrii 1.

Mtambo ukijizima wenyewe, una sababu. Ndani yake mna walinzi: mmoja anatazama kama maji yanapita, mwingine anatazama mgandamizo wa gesi ukizidi, mwingine ukipungua. Bonyezeni kitufe cha kurudisha mara moja tu, baada ya kutazama kama rejeta imezibwa na vumbi au nyasi, kama koki imefungwa, kama chujio la maji limejaa taka. Ukijizima tena, uacheni na mwiteni fundi. Yupo fundi wa mtaani atakayesema swichi ya maji ndiyo inayosumbua, na kwamba akiunganisha waya mbili pale mtambo utaendelea. Utaendelea kweli, mpaka siku maji yatakaposimama na chuma cha ndani kuganda na kupasuka. Huyo mlipeni nauli arudi kwao.

Umeme ukikatika, zimeni mtambo. Ukirudi, ngojeni dakika tano ndipo muwashe. Kompresa iliyosimama ghafula huwa imejaa mgandamizo, na ukiilazimisha kuanza papo hapo hukwama na kuchemka. Mitambo mingi mipya hungoja yenyewe, lakini umeme wa kwetu ukirudi huwa unapepesa mara mbili tatu kabla ya kutulia, na hapo mkono wa mtu ni bora.

Mwisho, siku hiyo ya kwanza msimimine maziwa. Jazeni tangi la maziwa kwa maji safi lita 500, ikiwezekana yaliyopashwa moto mpaka digrii 32, washeni kile kichanganyio cha tangi, na mtu mmoja akae na kipimajoto na daftari. Aandike kila baada ya robo saa: joto la maji ya tangi, joto la maji yanayotoka mtamboni na yanayorudi, na geji ya pampu. Mwanzoni joto litashuka upesi, halafu litaanza kujivuta likikaribia 4. Hiyo ni kawaida. Baada ya saa tatu likiwa limefika 4, mpokeeni mtambo na mtie sahihi hati ya muuzaji. Likiwa limesimama kwenye 9 au 10, msitie sahihi. Karatasi hiyo ya vipimo itunzwe na katibu, kwa sababu mwaka ujao mtambo utakapoanza kuchelewa, fundi ataanza kwa kuuliza siku ya kwanza ulikuwa unashusha digrii ngapi kwa saa.

Maji hayo ya majaribio msiyamwage. Ng'ombe watayanywa yakishapoa ubaridi wake.